Zizi la Hifadhi la Wilaya ya Kati: Farasi Alistirika, Punda Walilowa

Kwa misimu miwili ya masika nimekuwa nikiwapeleka wanyama wangu katika zizi moja la hifadhi lililoko Wilaya ya Kati, hapa Unguja, kila Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya upepo mkali au mvua kubwa. Nafuga farasi jike mmoja, punda wawili, mbuzi saba na kuku wa kienyeji wasiozidi ishirini, na nyumba yangu iko upande wa mashariki wa kisiwa, karibu na ufuo, mahali ambapo upepo utokao baharini haukuti kizuizi isipokuwa minazi na mivinje. Jina la zizi sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyaeleza hayamsifu mwenyewe, naye ni mtu ambaye bado nataka kumpelekea wanyama wangu. Ninaloweza kusema tangu mwanzo ni kwamba huduma yake kwa farasi ni ya mtu anayeijua kazi yake, na kwamba huduma yake kwa punda, mara ya kwanza, ilikuwa ya mtu aliyedhani kuwa punda ni farasi mwenye masikio marefu.

Zizi lenyewe ni shamba la zamani la minazi na miembe lililo kwenye kinyanyuko cha ardhi, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonifanya nilichague. Sisi wa uwandani tuna ardhi ya mawe isiyotuamisha maji, lakini udongo wake ni mwembamba mno, hata mti mkubwa hushikilia kwa mizizi iliyotambaa juu ya jiwe, na upepo ukizidi mti huo hulala na mizizi yake yote ikatazama juu. Katikati na magharibi ya kisiwa udongo ni wa kina na miti hushika vizuri zaidi, ila mabonde ya mpunga, kama yale ya Cheju, hugeuka ziwa katika mvua za Aprili na Mei. Anayemtafutia mnyama mahali pa kujisitiri anahitaji udongo wa kina usio wa bondeni, na mahali pa namna hiyo si pengi. Hapo pana uwanja wa ekari mbili hivi, banda la mawe lenye vyumba sita lililoezekwa kwa bati, banda refu la makuti lisilo na kuta, kichanja cha mbuzi na ghala. Malipo ni shilingi 15,000 kwa siku kwa farasi, 8,000 kwa punda na 2,000 kwa mbuzi, na kuku hulipiwa kwa tenga. Majani ni juu ya zizi, pumba ni juu ya mwenye mnyama, na gari la kuwachukua hukodiwa mbali.

Najua wapo watakaouliza kuna haja gani ya gharama hizo katika kisiwa ambacho vimbunga havifiki. Ni kweli kwamba tuko takriban nyuzi 6 tu kusini mwa Ikweta, ambako ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayokisokota kimbunga ni dhaifu, na ndiyo maana vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi huelekea Madagaska na Msumbiji badala ya kuja kwetu. Hata hivyo, kutofika mara nyingi si kutofika kabisa. Mwezi wa Aprili 1872, wakati wa utawala wa Sayyid Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na minazi kwa mashamba mazima na kuzamisha merikebu zilizokuwa bandarini, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Na tangu hapo karafuu imekuwa zaidi ni habari ya Pemba kuliko ya kwetu. Mwanzoni mwa Mei 2024 kikaja Hidaya, kilichoingia Mafia tarehe 4 na kupoteza nguvu. Tena nisiseme vimbunga tu. Mnyama wa pwani huumizwa zaidi na upepo wa kawaida wa masika, ule ambao watabiri huutaja kwa maneno tuliyoyazoea, yaani upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, kuliko na kimbunga ambacho huenda asikione maishani mwake. Bati moja lililolegea halihitaji kimbunga ili liruke.

Hidaya ndiyo iliyonifikisha zizini kwa mara ya kwanza. Nilimpigia simu msimamizi siku ya Alkhamisi, tarehe 2 Mei, nikitaraji aniambie nije kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Alikataa. Utaratibu wake, ambao wakati ule niliuona ni wa kujitia ukubwa, ni kwamba tahadhari ikishatangazwa huwapokea wanyama mpaka magharibi ya siku hiyo, na ikifikia kiwango cha tahadhari kubwa, lile eneo linalotiwa rangi nyekundu kwenye ramani ya watabiri, lango hufungwa na hapokei tena. Sababu yake niliielewa njiani. Farasi wangu, ambaye siku za kawaida hupanda gari kwa kuoneshwa kiganja cha pumba tu, alikwisha kusikia mabadiliko ya hewa na alitumia dakika arubaini kukataa, masikio yamelala nyuma na macho yametoka. Huyo alikuwa bado hajanyeshewa tone moja. Kumpandisha katika upepo, bati za jirani zikigonga na makuti yakiruka, lingekuwa jambo la kuvunja mguu wake au wangu.

Sharti la pili la langoni ni cheti cha chanjo ya pepopunda, na hapa namsifu bila ya kubakisha. Lugha yetu yenyewe imeuita ugonjwa huu kwa jina la punda, na wenye kuujua wanakubaliana kwamba katika wanyama wa kufugwa hakuna anayedhurika nao upesi kuliko farasi na jamaa zake. Vijidudu vyake hukaa ardhini na katika mavi ya wanyama, na huingia mwilini kwa jeraha, khasa lile dogo lenye kina, kama la msumari wenye kutu, ambalo hujifunika haraka na kukosa hewa. Baada ya upepo mkali ardhi yote huwa imetapakaa misumari, vipande vya bati na vijiti vyenye ncha. Mtu asidhani kwamba atamwita daktari wa mifugo usiku wa dhoruba akamaliza shughuli: mnyama asiyewahi kuchanjwa huhitaji sindano mbili zinazopishana kwa wiki kadhaa ndipo kinga isimame. Kwa hiyo cheti kile humlazimisha mfugaji kuanza kujiandaa tangu kiangazi. Punda wangu mmoja hakuwa amechanjwa, nikapokelewa kwa ihsani tu na kuandikishwa kwamba jeraha lolote ni juu yangu. Nilikasirika wakati ule. Sasa naona alikuwa na haki.

Kabla ya kuingizwa, kila mnyama huandikwa namba ya simu ya mwenyewe ubavuni kwa rangi ya mifugo, na namba hiyo hiyo hufungwa kwenye hatamu. Farasi wangu alikuwa na hatamu ya nailoni, akavuliwa na kuvishwa ya ngozi ya zizi, kwa maelezo kwamba ngozi ikinaswa kwenye tawi hukatika na kumwachia mnyama, ilhali nailoni haikatiki, na kinachovunjika ni shingo. Hakuna mnyama anayefungwa kwa kamba usiku wa upepo, si farasi, si punda, si ng'ombe. Kwa wafugaji wengi wa hapa, ambao usalama wa mnyama kwao ni kamba ya katani na mnazi, hili ni somo gumu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigombanisha na msimamizi, na ambalo ndilo lililonifanya nimheshimu. Nilipoona banda la mawe lenye kuta za nusu mita na mlango mzito wa mbao, nilichukulia kwamba farasi wangu atalala humo. Badala yake alimchukua, akamvukisha uwanja na kumwachia huru pamoja na farasi wengine watatu, hewani, mawingu yakiwa yamekwisha kuwa meusi.

"Mzee," nilimwambia, "mimi nimelipa ili anyeshewe?"

"Mwalimu," alijibu, na wala hakuacha kufunga lango, "banda lile nimelijenga mwenyewe. Kwa mvua ya kawaida nitamweka ndani. Kwa hiki kinachosemwa redioni simfungii mtu wako ndani, kwa sababu ukuta ukimwangukia hana pa kukimbilia."

"Na nazi je?"

"Minazi iliyokuwa ikiinamia uwanja nimeikata yote. Tazama mwenyewe."

Nilitazama, na kweli visiki vilikuwepo. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba hoja yake si ya kujitungia. Huko Florida, Marekani, ambako watu wenye farasi wamezoea vimbunga kuliko sisi na ambako kimbunga Andrew cha Agosti 1992 kilibomoa mabanda mengi, mambo wanayoyahesabu kuwa ndiyo yanayoua wanyama wakubwa ni manne: banda kuanguka, mnyama kukosa maji, nyaya za umeme zilizokatika, na ajali za barabarani baada ya uzio kubomoka na wanyama kutoroka. Mvua na upepo wenyewe havimo katika hesabu hiyo. Farasi mwenye afya, akiwa huru katika uwanja mpana, huupa upepo mgongo, huinamisha kichwa, hubana mkia na kusubiri. Manyoya yake yana mafuta yanayoteremsha maji, na macho yake yaliyo pembeni mwa kichwa humwonesha kitu kinachoruka kabla hakijamfikia, ili akikwepe. Ukimfungia ndani, umemnyang'anya kinga zake zote hizo na kumwachia moja tu, nayo ni imani yako kwa fundi aliyeezeka.

Lakini hoja hii ina masharti yake, na si kila zizi linaweza kuifuata. Uwanja uwe mpana. Uwe umeokotwa kila kipande cha bati, ndoo, ubao na dumu tupu kabla ya upepo kuanza. Usipitiwe na waya wa umeme. Na uzio wake uwe ni kitu ambacho mnyama anakiona. Katika zizi hili pande tatu zimezungushiwa ua wa miti iliyo hai, na upande wa nne ni wa mbao. Vijana wawili walitumia Ijumaa nzima kuokota, na mmoja wao alirudi hata na kopo la maziwa la zamani lililofukiwa nusu. Kwa siku za mvua tupu isiyo na upepo wa kutisha, farasi huingizwa bandani kama kawaida. Uamuzi wa ndani au nje hutolewa kila mara upya, kwa kutazama utabiri, na hilo ndilo ninalolilipia ile 15,000.

Kasoro kubwa ya uwanja huo niliigundua mimi, si yeye. Katikati yake ulisimama mwembe mmoja mkubwa, wa peke yake, na usiku ule wa Hidaya farasi wote wanne walijikusanya chini yake. Kwa bahati hapakuwa na radi ya kuogopesha. Radi ikipiga mti haiishii kwenye mti. Umeme husambaa ardhini kuuzunguka, na mnyama mwenye miguu minne, ambaye miguu ya mbele imesimama mbali na ya nyuma, hupitiwa na umeme huo mwilini kutoka mguu hadi mguu, na moyo uko njiani. Ndiyo sababu mtu aliyesimama huweza kunusurika pale pale ambapo ng'ombe watano hukutwa wamelala maiti. Nilimweleza msimamizi, akanisikiliza kwa adabu na hakusema kitu, nami niliondoka nikiamini maneno yangu yamekwenda na upepo. Masika iliyofuata nilikuta mwembe umezungushiwa boriti kwa umbali wa hatua kumi na tano kila upande, na usiku mmoja wa Aprili, radi zikipasua mbingu kwa saa tatu, farasi wangu alikuwa upande wa pili kabisa wa ekari zile mbili.

Kuhusu punda sina maneno laini. Usiku ule ule wa Ijumaa, mvua ilipokuwa imeshika, nilipiga simu kuulizia hali, nikaambiwa wote wako salama uwanjani. Wote. Nilimwuliza kama punda nao wako uwanjani, akajibu kwamba punda ni mnyama mvumilivu. Huo ndio msiba wa punda hapa visiwani: anasifiwa uvumilivu na watu wasiojua anavumilia nini. Asili yake ni nchi kavu za kaskazini mashariki mwa Afrika, na manyoya yake hayana mafuta ya kutosha ya kuzuia maji kama ya farasi. Yakinyeshewa hunyonya maji hadi kwenye ngozi, naye hushikwa na baridi na baada yake homa ya mapafu. Farasi anaweza kuachwa nje usiku wa tufani kwa faida yake. Punda anahitaji paa na mahali pakavu pa kusimama. Nilimwomba awapeleke chini ya banda la makuti, ambalo ni jepesi na hata likianguka halimwui mnyama. Alifanya hivyo, nadhani kwa kuchoka kusumbuliwa na simu zangu, ila alimpeleka aliyekuwa akitetemeka na kumwacha mwenziwe.

Hapo alikosea mara ya pili. Punda hawa wameishi pamoja tangu udogo wao, wanavuta gari moja na wanakula kwenye hodhi moja, na punda aliyetenganishwa na mwenziwe huweza kususa chakula. Kwa mnyama mwingine kususa siku moja si jambo kubwa. Kwa punda, khasa aliyenona, mwili huanza kutoa mafuta yake ya akiba na kuyamwaga katika damu kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na punda akaanza kufa polepole huku akionekana amenyong'onyea tu. Jumamosi asubuhi nilifika kwa bodaboda, nimelowa kuliko wao, nikamkuta wa nje anatetemeka na wa ndani hajagusa majani. Tuliwakutanisha, tukawapangusa kwa magunia makavu, tukawapa majani makavu na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, na ilipofika adhuhuri wote wawili walikuwa wanatafuna. Msimamizi aliomba radhi. Alisema, na namwamini, kwamba katika miaka yake yote hakuna mtu aliyewahi kumletea punda na kurudi asubuhi kumwulizia.

Mbuzi hawakuwa na tatizo. Kichanja chao kimeinuliwa kiasi cha mita moja, sakafu yake ni fito zilizoachana kidogo ili mavi na mkojo vidondoke chini, na upande wa upepo umezibwa kwa turubai lililofungwa kwa kamba mbili juu na chini, si kwa misumari. Mbuzi huchukia mvua kuliko mnyama yeyote ninayemfuga, na hawakutoka hata walipofunguliwa. Kuku walikuwa ghalani katika matenga. Wawili walikufa, si kwa baridi bali kwa kulaliwa, kwa sababu kuku wakiogopa hurundikana pembeni na walioko chini hukosa pumzi. Nilishauri matenga yawe madogo, na ushauri huo bado haujafuatwa.

Maji ni jambo ambalo zizi linalifanya vizuri na ambalo wengi wetu tunalisahau, maana mtu akiona mvua hudhani kiu imekwisha. Farasi mmoja hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Umeme ukikatika mota ya kisima haisukumi, na kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko hakifai tena kunywewa mpaka kisafishwe. Hapa mapipa sita yenye vifuniko hujazwa tangu tahadhari inapotangazwa, na huwekwa pembeni mwa uwanja yakiwa yamejaa hadi juu, jambo linaloyafanya yawe mazito kiasi cha kutopeperushwa. Chakula huinuliwa juu ya mbao ndani ya ghala. Pumba yangu, ambayo nilikuwa nimeileta katika gunia lililolowa njiani, ilikataliwa siku ya pili kwa kuwa ilianza kunuka ukungu, nikatakiwa nilete nyingine. Farasi hana uwezo wa kutapika, na chakula kilichovunda kikishaingia hakina njia ya kurudi; kinachofuata ni msokoto wa tumbo, ambao usiku wa dhoruba, barabara zikiwa zimefungwa na miti na daktari akiwa Mjini, ni hukumu.

Baada ya upepo kutulia hawawarudishii watu wanyama wao mara moja, na wengi hulalamika kwa hilo. Kila mnyama hukaguliwa miguu, kwato na tumbo, na uwanja huokotwa tena, safari hii kwa kutafuta matawi yaliyoangushwa. Sisi tunaoishi jirani na mahoteli tuna hatari yetu wenyewe, nayo ni ile miti ya bustani yenye majani membamba na maua ya waridi iitwayo oleanda, ambayo majani yake, mabichi kwa makavu, ni sumu kwa farasi, punda na mbuzi. Tawi moja likipeperushiwa ndani ya boma latosha kuua. Nilipofika nyumbani niliokota matatu. Bati mbili za banda langu zilikuwa zimebanduka, na moja niliikuta imejikunja kwenye mgomba wa jirani, ng'ambo ya njia. Banda hilo ndilo ambalo farasi angelala kama ningeamua kubaki.

Wiki zinazofuata mvua kubwa huleta tope, mbu na kupe, na zizi haliuzi huduma ya kipindi hicho, ingawa lingefaa. Kwa ng'ombe, khasa ndama, kupe ndio wanaoleta ndigana kali, na josho lisilofanyika kwa sababu ya mvua hulipwa baadaye. Farasi wetu angalau wamepunguziwa adui mmoja: mbung'o wa Unguja, wale nzi wanaowaambukiza wanyama maradhi ya nagana, walimalizwa kwa kuachiliwa kwa mamilioni ya madume tasa, na wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Laiti wangekuwepo, sidhani kama ningethubutu kufuga farasi katika kisiwa hiki hata katika kiangazi.

Kuhusu hesabu, nililipa siku nne kwa Hidaya ilhali nilikusudia mbili, kwa sababu gari halikuweza kuja siku niliyotaka, na zizi lilinitoza siku zote bila ya punguzo. Nilidhani ingekuwa insafu kugawana hasara hiyo, na nimemwambia hivyo. Kwa jumla, pamoja na gari kwenda na kurudi, nilitumia zaidi ya nusu ya kile ambacho punda wangu huingiza kwa mwezi wa kubeba mchanga na mawe. Mwenye mbuzi watatu na kuku asiende. Kichanja kizuri na turubai nyumbani vyamtosha. Mwenye ng'ombe wa gari aliye mbali na ufuo naye, kwa maoni yangu, afadhali akate matawi yanayoinamia boma, aongeze misumari yenye kofia kwenye bati na aache kumfunga mnyama usiku wa upepo. Ni kwa sisi wenye farasi, na tulio karibu na maji ya bahari, ambapo gharama hii ina maana.

Amana ya masika ijayo nimekwisha kuitoa. Nilimwomba msimamizi aandike kwenye risiti "punda wawili, pamoja, chini ya paa", akaandika, kisha bila ya kuombwa akapiga mstari chini ya neno "pamoja".